Msalaba, Mwezi na Ukuta wa Shule

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha unapomalizika, sisi wakufunzi hurudi chuoni na mafurushi ya madaftari ya maandalio, na humo husoma mengi ambayo wanachuo hawakuthubutu kutuuliza ana kwa ana. Kwa wale waliopelekwa katika shule za Kilosa na Mikumi, swali moja limejirudia kiasi kwamba tumeona yafaa lijibiwe hadharani. Wanafunzi wanapochora kwa pamoja picha kubwa ukutani mwa shule yao, na mmoja wao akachora msalaba, au mwezi na nyota, mwalimu afanye nini?

Jibu letu tutalitoa mapema, ili msomaji asiyekubaliana nasi ajue pa kutukosoa. Twaona kwamba kanisa na msikiti vina haki ya kuwamo katika picha hiyo, kama vile kituo cha reli na kisima cha kijiji vilivyo na haki. Lakini alama ya dini haina haki ya kuitawala picha, wala mwalimu hana haki ya kuzigawa alama hizo kama posho, nusu kwa hawa na nusu kwa wale. Aidha, debe la chokaa, ambalo ndilo walimu wakuu wengi hulikimbilia, si jibu hata kidogo.

Yatupasa kwanza kuufikiria ukuta wenyewe. Picha iliyochorwa daftarini hufungwa jioni ikaenda nyumbani na mwenyewe. Ukuta haufungwi. Mtoto ataupita asubuhi akienda mstarini, ataupita akienda chooni, na atauona siku ya mtihani. Mwakani watakuja watoto wengine ambao hawakushika brashi wala hawakuulizwa lolote, nao watasomeshwa na ukuta uleule kwa muda wa miaka. Tena hawaji kwa hiari. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilifanya mahudhurio ya shule ya msingi kuwa ya lazima. Mtoto huenda kanisani au msikitini kwa sababu wazazi wake wamependa iwe hivyo. Shuleni huja kwa sababu nchi imeamuru. Mtu aliyeitwa kwa amri hawezi kuwekewa mbele yake jambo ambalo Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inalihesabu kuwa ni hiari ya mtu binafsi.

Watokea wanachuo wanaotujibu kwa kutaja mfano wa Elimo Njau. Mchoraji huyo, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesomea Makerere, katika miaka ya 1950 alichora picha tano kubwa ndani ya kanisa la Kianglikana la Murang'a, nchini Kenya. Humo maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa, yanaonyeshwa katika nchi ya Kiafrika, miongoni mwa watu wa Kiafrika. Ni kazi ya heshima kubwa, na kila mwalimu wa sanaa angefaa kuijua. Lakini picha zile zimo kanisani. Aingiaye mle ameingia kusali, au ameingia kutazama, na kwa vyovyote ameingia kwa miguu yake mwenyewe. Ukichukua picha ileile ukaihamishia ukuta wa darasa la tatu huko Mikumi, huwi tena unaonyesha imani ya waliomo; unamwambia mtoto ambaye si wa imani hiyo kwamba shule hii ina wenyewe, naye ni mgeni.

Sasa tuitazame nchi wanayoichora watoto hawa, maana mwalimu akiifahamu atapunguza hofu. Wilaya ya Kilosa haikuwa kamwe nchi ya dini moja. Katika karne ya 19, bonde la Mkondoa lilikuwa njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji, na Uislamu ulipanda kwa njia hiyo. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa Mamboya, katika nchi ya Wakaguru, tangu miaka ya 1880. Kisha ikaja reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, na pamoja nayo mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwingineko, yaliyovuta vibarua kutoka pande nyingi, kila mmoja na sala yake. Mikumi nayo ilipata hifadhi ya taifa mwaka 1964, na barabara kuu iendayo Iringa hadi Zambia hupita katikati ya hifadhi hiyo ikiwa na watu wa kila namna. Chini ya yote hayo, tangu kabla ya msafara wa kwanza, yalikuwako matambiko ya Wakaguru, ya Wasagara na ya Wavidunda. Kwa hiyo mtoto wa Kilosa akiambiwa achore kijiji chake bila dini, ameambiwa achore kijiji kisichokuwapo.

Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, wanafunzi wa darasa la tano walipewa ukuta wa upande wa baraza. Walikuwa na brashi tatu kwa watoto arobaini, na tunawapongeza wanachuo waliofanikisha kazi kwa brashi hizo. Watoto walichora garimoshi likitoka stesheni, wakachora tembo anavuka barabara huku basi limesimama likimngojea, wakachora mashamba na mlima. Upande wa kulia palichorwa kanisa. Mchoraji wake alikuwa mvulana mrefu kupita wenzake, akafika mahali ambapo wengine hawakufika, na msalaba wake ukapanda hadi kwenye mbao za paa, juu ya bendera ya taifa na juu ya mlima. Nyuma ya kanisa, chini ya mwembe, palikuwa na msikiti wenye ukubwa wa mbuzi. Hakuna mtoto aliyekusudia ubaya. Lakini mjumbe mmoja wa kamati ya shule alipoiona picha alinung'unika, mwingine akamjibu, na siku ya pili yake mwalimu mkuu aliamuru upande wote wa kulia upakwe chokaa. Tulipofika kuwakagua wanachuo tulikuta garimoshi linatoka stesheni na kuingia katika weupe. Watoto walikuwa wamekwisha kupapa jina: waliita "mahali pa ugomvi".

Tunamwelewa mwalimu mkuu yule. Alikuwa na shule ya kuilinda, na kelele alitaka ziishe. Hata hivyo, hebu tuwaze watoto walijifunza nini siku ile. Kabla ya chokaa, walikuwa na kosa la vipimo tu: jengo moja kubwa mno na jingine dogo mno. Baada ya chokaa, wakawa na siri. Walifahamishwa, pasipo neno lolote, kwamba kanisa na msikiti ni vitu ambavyo watu wazima hawawezi kuvitazama pamoja kwenye ukuta mmoja, ingawa wao watoto huvipita vyote viwili kila siku wakienda kuchota maji.

Wengine, ili kuepuka hayo, hutumia njia ya mapacha. Msalaba kushoto, mwezi na nyota kulia, ukubwa sawa, rangi sawa, na katikati mikono miwili inashikana. Njia hii inapendwa sana kwa kuwa yaonekana ya haki. Sisi hatuipendi. Kwanza ni ya uvivu, kwani mtoto hakutazama kitu wala hakufikiri, amenakili nembo. Pili, haisemi kweli hata juu ya wale inaodai kuwasemea. Wako Wakristo, kama vile Mashahidi wa Yehova, ambao hawautumii msalaba katika ibada zao. Na mwezi mwandamo, ambao sasa tunauona juu ya misikiti mingi, ulienea sana kutokana na bendera za dola ya Waturuki wa Osmani, na wapo wanazuoni wa Kiislamu wanaosema wazi kwamba si nembo iliyoagizwa na dini. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, mapacha hao humwacha nje mtoto ambaye si wa huku wala huko: mtoto wa wafugaji wa Kimaasai, au yule ambaye babu yake bado hutambika makaburini kwa wahenga. Mikono miwili inaposhikana mbele yake, wa tatu ashike wapi?

Juu ya tambiko tungependa kusema neno la pembeni. Tumewasikia wanachuo, Wakristo na Waislamu vilevile, wakilifuta jambo hilo kwenye rasimu za watoto kwa neno moja: ushirikina. Dini mbili zisizoelewana juu ya msalaba huelewana haraka sana juu ya mti wa wazee. Mwalimu halazimiki kuamini kitu. Analazimika kutomdhihaki mtoto. Kama kijijini upo mti ambao wazee hukutana chini yake na watoto wote wanaujua, basi mti huo ni sehemu ya kijiji, nao uchorwe jinsi ulivyo.

Je, tofauti ya alama inayokubalika na isiyokubalika ni ipi? Sisi twaipima kwa kuuliza alama hiyo inafanya kazi gani pale ilipo. Msalaba ulio juu ya paa la kanisa lililochorwa kijijini unaeleza: hapa pana kanisa. Msalaba uleule ukipandishwa juu ya mlango wa darasa, au juu ya bendera, au ukichorwa ndani ya jua linaloangaza kijiji chote, hauelezi tena, unaamuru. Ndivyo ilivyo pia kwa mwezi na nyota vikiwekwa angani juu ya nyumba za watu wote. Rangi ni ileile na mkono ni uleule. Mahali ndipo palipobadilika. Mwalimu aliyeielewa tofauti hii hahitaji orodha ya vitu vilivyokatazwa.

Hata hivyo mahali peke yake hapatoshi, kwa maana alama ina mtazamaji, na mtazamaji ana historia yake. Mfano mzuri ni alama ya Msalaba Mwekundu. Ilipokubaliwa Geneva mwaka 1864 haikukusudiwa kuwa ya dini. Ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi zake. Lakini katika vita dhidi ya Urusi vya miaka ya 1870, Waturuki walitumia mwezi mwekundu badala yake, kwani kwao msalaba ulisomeka kuwa msalaba tu. Mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, lisilohusiana na dini yoyote. Kwa hiyo mtoto akichora sanduku la huduma ya kwanza, au zahanati, na mwenzake akauliza kwa nini zahanati ina msalaba, mwalimu asimkaripie. Hilo ni swali la akili, na lina jibu lenye tarehe.

Kinyume chake, wimbo wetu wa taifa hutaja Mungu kila asubuhi ya shule, nao haujagawanya mstari wa wanafunzi. Asili yake ni wimbo wa Kikristo uliotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini. Maneno ya Kiswahili tunayoyaimba hayamtaji mtume wala kitabu cha dini yoyote. Yanaomba baraka kwa watu wote, na kila mtoto huomba kwa jinsi alivyofundishwa kwao. Kisa hicho chatuonyesha kwamba kitu kilichotoka kwa watu wa dini moja chaweza kuwa cha wote, mradi wote waweze kukishika.

Jambo jingine ambalo mwanachuo hukutana nalo bila kutazamia ni mtoto anayekataa kuchora mtu au mnyama. Ziko familia za Kiislamu zinazoshika kwamba kiumbe chenye roho kisichorwe, na ziko nyingine zisizoona shida. Mwalimu asijitie kuamua ni ipi iliyo sahihi. Ajue tu kwamba urembo usio na viumbe una hazina kubwa sana katika nchi yetu: milango ya Bagamoyo na Zanzibar imejaa maua, minyororo na mistari iliyonakshiwa kwa ustadi ambao wachoraji wa tembo wachache wangeufikia. Tena mfano ulio karibu zaidi umo mabegani mwa mama zetu. Kanga ina mji na ina pindo. Ukuta nao uwe na mji, yaani picha ya kijiji yenye watu na wanyama, na uwe na pindo linaloizunguka, lenye maumbo na mafundo yanayorudiwa kwa vipimo. Pindo lisiwe adhabu ya watoto waliokataa. Lipewe wachoraji hodari wa dini zote, kwa sababu kurudia umbo moja mara sitini bila kupinda ni kazi ngumu kuliko kuchora tembo.

Kuhusu manabii tunashauri bila kusitasita kwamba wasichorwe kabisa ukutani mwa shule ya umma. Mwanachuo mmoja alidhani kwamba katazo hili lamhusu Mtume Muhammad peke yake. Sivyo. Isa bin Mariamu naye ni nabii kwa Waislamu, hata picha ya Yesu ambayo Mkristo huiona ya kawaida yaweza kumuumiza jirani yake mara mbili, kwa kuwa si ya dini yake na kwa kuwa ni ya nabii wake.

Namna ya kufanya kazi yenyewe si ngumu, ila yataka siku nyingi kuliko wanachuo wanavyodhani. Rangi isiguse ukuta katika juma la kwanza. Watoto watembezwe kijijini wakiwa na daftari na kalamu. Mwalimu amwone imamu, amwone padri au mchungaji, awaombe ruhusa watoto wapime majengo yao kwa nje, kwa hatua au kwa futi kamba. Tunasisitiza kupima, maana ukubwa wa jengo kwenye picha unapotokana na futi kamba, hautokani tena na wingi wa waumini wala urefu wa mchoraji. Darasani, kila kitu kichorwe kwenye karatasi ya kaki, kikatwe, na vipande vyote vitandazwe sakafuni. Hapo ndipo mazungumzo yafanyike, wakati kanisa laweza kusogezwa kwa kidole na msikiti ukahamishwa kutoka nyuma ya mwembe. Watoto huona upesi sana. Mwalimu akiuliza, "Mtu akisimama hapa, ataona nini kwanza, na nani atajitafuta asijione?", atapata majibu ambayo kamati ya watu wazima isingeyatoa. Mpangilio ukikubaliwa, uonyeshwe kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule ukiwa bado ni karatasi.

Katika ugawaji wa kazi liko kosa moja ambalo tumeliona mara nyingi mno: "Wewe Hamisi chora msikiti, wewe Yohana chora kanisa." Mwalimu huyo hajachora kitu bado, lakini amekwisha kuligawa darasa kwa majina. Kazi igawanywe kwa ufundi. Anayejua mistari iliyonyooka apewe majengo, yote. Anayejua miti apewe miti. Mtoto akiomba asichore jengo fulani, apewe kazi nyingine bila kuulizwa sababu mbele ya wenzake. Imani ya mtoto si swali la somo la sanaa. Ratiba ya shule ina vipindi vya dini kwa ajili hiyo, navyo vina walimu wake.

Mwanachuo anayekwenda katika shule ya zamani aweza kukuta msalaba uliojengwa kwa matofali kwenye ukuta wa mbele, tangu enzi za misheni, kabla ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 kuziweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya serikali. Asichukue nyundo. Hiyo ni historia ya jengo, na watoto waelezwe kwamba ni historia. Tofauti yake na mchoro wa jana ni kwamba hatukuuchagua sisi.

Na manung'uniko yakija hata baada ya maandalizi hayo yote? Huenda yakaja. Picha isiguswe siku hiyo. Mwenye kunung'unika akaribishwe aitazame mbele ya mwalimu mkuu, aeleze kinachomwumiza, na kama ana haki, watoto wenyewe ndio warekebishe, kwa brashi zao, kitu kilekile kimoja kilicholalamikiwa. Msalaba mrefu hupunguzwa ukawa wa kawaida kwa nusu saa. Kufuta upande mzima ni kuwanyang'anya hata wale waliochora garimoshi.

Mwisho, mwanachuo asiandike jina lake kwenye picha. Yeye ataondoka baada ya majuma machache, na rangi itabaki. Pembeni chini paandikwe darasa na mwaka. Na kipande cha mwisho cha ukuta, kiasi cha mita moja, kiachwe kitupu kwa ajili ya darasa la mwakani, pamoja na pindo lililokatizwa katikati ya umbo ili wao waliendeleze.